Kimbia Nguzo Mbili, Tembea Moja

Jumatano, Januari 1

Daftari hili lilikuwa la Kimberly, la Hisabati. Aliandika kurasa nne tu kisha shule ikampa lingine, na mimi siwezi kutupa karatasi safi nikiwa hai. Kwa hivyo ukilifungua ukutane kwanza na pembetatu, usishangae, hiyo ni kazi ya mtoto wangu, na jibu amekosa.

Mimi ni Trizah Namalwa. Nina miaka arobaini na sita, msichana mmoja aliye shule ya bweni, na mume mmoja, Sitati, anayeendesha lori la viazi kutoka Mau Narok. Nina pia kibanda cha chapati na maharagwe hapa Kiamunyi, Nakuru, kando ya ile barabara ya vumbi inayopanda mpaka kwenye tangi la maji. Chapati zangu zinajulikana. Mwili wangu pia unajulikana.

Malengo yangu ya mwaka ni haya. Nipunguze kilo kumi kabla ya Pasaka. Nikimbie kutoka langoni kwangu hadi kwa tangi bila kusimama. Halafu Desemba nikimbie zile kilomita kumi za kanisa, ambazo kila mwaka mimi hupewa kazi ya kugawa maji, na hata hayo maji huwa nayagawa nikiwa nimeketi.

Kuna lengo la nne, ila leo ni sikukuu na nimeshakula chapati sita. Nitaliandika kesho.

Alhamisi, Januari 2

Basi niliandike. Mwezi uliopita nilienda kliniki kwa sababu ya goti, nikatoka na habari za sukari. Daktari, msichana mdogo ambaye ningeweza kumzaa, alinidunga kidole asubuhi kabla sijanywa chai. Sita nukta saba. Akaniambia, "Mama, bado hujaingia, lakini uko mlangoni. Punguza uzito, fanya mazoezi, urudi Aprili baada ya Pasaka. Ikiwa imepanda, tutaanza dawa."

Mlango huo naujua. Mama yangu aliuingia akiwa na miaka arobaini na saba. Alianza na kiu isiyoisha, kisha macho, kisha kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona, kisha mguu wenyewe ukakatwa. Lakini kilichoniuma zaidi si mguu. Tangu siku watu walipojua, hakuna aliyemwita tena Mama Nicodemus, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Aliitwa mgonjwa. "Mgonjwa amekula?" "Mgonjwa ameamka?" Mwanamke aliyekuwa akicheka hadi kuku wanatawanyika, akafa akiitwa mgonjwa tu.

Mimi sitaki. Hakuna mtu atakayejua mpaka nipimwe Aprili. Nimemwambia Sitati peke yake, nikamwapisha kwa Biblia asimwambie mtu yeyote. Aliapa mdomo ukiwa umejaa chapati. Sijui kama hicho ni kiapo.

Jumatatu, Januari 6

Nimeanza! Nilivaa raba za Kimberly, fulana ya kampeni ya mtu aliyeshindwa uchaguzi, na leso juu ya suruali ya kulalia kwa sababu sina nyingine inayonitosha. Nilitoka kabla watu hawajaamka. Nikakimbia kutoka langoni hadi nguzo ya kwanza ya stima. Nikakimbia hadi ya pili. Hapo nikaikumbatia hiyo nguzo kwa mikono miwili, nikamwomba Mungu anipokee.

"Mama Kimberly, nani anakukimbiza?"

Alikuwa Jebet, jirani yangu anayeuza maziwa. Ana miaka sitini na tatu, mwembamba, na sijawahi kumwona ameketi. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akaweka mtungi wa maziwa chini ili apate kucheka vizuri. Zamani Jebet alikimbia, tena si mchezo. Kombe aliloshinda analitumia kuwekea mayai.

"Unakimbia kama mtu ameiba," akasema. "Sikia. Kimbia nguzo mbili, tembea moja. Kimbia mbili, tembea moja. Ukichoka, tembea. Ukichoka sana, bado tembea. Kuketi ndio hakuna."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka uchoke kuniuliza."

Jioni nilihesabu. Kutoka langoni kwangu hadi kwa tangi ni nguzo arobaini na moja.

Jumanne, Januari 7

Sikuweza kuchuchumaa chooni. Sitasema zaidi.

Jumamosi, Januari 11

Nimepimwa uzito kwenye duka la nafaka, juu ya mizani ya magunia, kwa sababu ile ya chemist inaishia themanini, au labda iliamua tu kuishia hapo iliponiona. Nilifikiri hakuna mtu. Kumbe Gachanja wa bodaboda, mteja wangu wa kila asubuhi, alikuwa nyuma yangu.

"Tisini na sita!" akatangazia stendi nzima. "Mathe, hiyo ni gunia ya Mau Narok, na imefungwa juu!"

Nilimwambia kuanzia leo asahau kuongezewa supu ya maharagwe. Aliomba msamaha papo hapo.

Jumatatu, Januari 20

Usingizi utanimaliza. Naweka simu iniamshe saa kumi na moja, na kila siku naizima nikiwa bado nimelala. Wiki iliyopita nilikimbia mara mbili tu. Jebet alipita na maziwa yake, akaniangalia, akatingisha kichwa. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, Januari 25

Kilo tisini na nne na nusu. Nguzo sita bila kusimama. Vumbi mpaka kwa meno.

Jumatatu, Februari 3

Nimekasirika na Sitati na nataka iandikwe.

Amerudi kutoka Mau Narok na viazi vya kwake, vile vyekundu vya kunona. Akavikata mwenyewe, akavikaanga sufuria nzima, akanyunyizia dhania, akaja kukaa mlangoni pale ninapofungulia kamba za raba. "Onja kimoja tu, Mama Kimberly. Kimoja hakina neno."

Nikamuuliza, "Wewe unakumbuka kweli nilichokuambia?"

"Nakumbuka," akasema, akatia kingine mdomoni.

Miaka kumi na minane nimeishi na huyu mwanaume. Ni mpole, hanywi, hapigi mtu. Lakini kila jambo kwake ni jepesi. Unamwambia kitu kizito cha moyoni, anaitikia kama umemwambia chumvi imeisha. Sijui kama kuna kinachoingia humo ndani zaidi ya chakula.

(Nilionja kimoja. Kilikuwa kitamu sana. Nimekasirika mara mbili.)

Jumamosi, Februari 8

Kilo tisini na mbili! Nguzo kumi na mbili! Rinda la kijani linaanguka mabegani na nimelishika na pini. Nilipokuwa nageuza chapati niliimba wimbo mzima wa kwaya, hata sehemu ya sauti ya nne.

Ila kuna kitu. Gachanja ameniuliza polepole, bila utani, "Mathe, kwani mambo ni sawa kwa nyumba?" Na mama mmoja mteja amenunua chapati mbili, akanitazama, akaniachia chenji na kusema, "Jinunulie kitu." Jinunulie kitu! Mimi, mwenye kibanda!

Jumapili, Februari 16

Leo kanisani watu wawili wamenishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi, Februari 22

Haki ya Mungu, leo nimejionea.

Saa tisa alasiri nilisikia nyimbo langoni. Kutazama, ni Mama Abby, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, na kina mama wengine saba nyuma yake, kila mmoja na mfuko. Waliingia wakiimba wimbo ule wa matanga. Nikajiuliza nani amekufa. Kumbe ni mimi.

Walipanga vitu mezani. Unga pakiti sita, sukari kilo nane, mafuta ya kupikia, mikate mitano, siagi, njugu zilizosagwa, na boga. Mama Abby akanishika mashavu. "Umeisha, dada. Umeisha kabisa. Hatukuulizi kitu, lakini Mungu anaona mwanamke akilia kwa nyumba yake."

Nikasema, "Mama Abby, mimi nakimbia tu. Mazoezi."

Wakatazamana. "Ndivyo wanavyosemaga," mmoja akanong'ona.

Wakanikalisha kwenye kiti. Wakaniombea nusu saa, kwamba mume wangu arudiwe na roho ya nyumbani, na kwamba mwili wangu urejee. Kisha hawakuondoka mpaka nile mbele yao. Nilikula mkate vipande vinne na siagi, na kila nikimeza wanasema amina. Wamenipenda leo, na upendo wao ulikuwa na sukari kilo nane. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na mwishowe nilicheka chooni peke yangu hadi nikashika ukuta.

Unga nimeupeleka kibandani. Boga nimempa Jebet. Aliposikia habari yote alicheka, kisha akauliza, "Na kwa nini kweli unakimbia, Mama Kimberly?" Nikamwambia ni afya tu. Akasema, "Sawa." Jebet si mjinga.

Jumanne, Machi 4

Sasa imefika hapo: ati Sitati ana mwanamke Mau Narok. Ati ndiye anayekula viazi vyangu. Nimeambiwa na watu watatu tofauti, kila mmoja akiniapisha nisimtaje. Nilimwambia Sitati jioni, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Wacha waseme. Wewe ulifika nguzo ngapi leo?"

Kumi na tisa.

Jumamosi, Machi 15

Nitaandika polepole, nisiache kitu.

Habari zilifika kwetu Kimilili. Sijui nani alipiga simu, lakini leo saa tano asubuhi kaka yangu Nicodemus alisimama langoni, na shangazi yetu, na mjomba wetu mkubwa mwenye bakora. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri. Shangazi alikuwa na jogoo chini ya kwapa, mwekundu, mkubwa, amefungwa miguu. "Huyu ni wako peke yako," akaniambia. "Usimpe mtu hata shingo."

Nicodemus ni kifungua mimba wetu. Anauza mahindi, ana tumbo la mtu aliyefanikiwa, na tangu mama afariki yeye ndiye baba na mama. Waliketi. Niliwapa soda. Nicodemus alikunywa yake akaimaliza kabla mjomba hajafungua maombi. Akaomba maji.

Sitati aliketi kwenye kile kiti kifupi, kama mkwe anavyoketi.

Mjomba akaanza. "Mkwe, tulikupa msichana mwenye mwili. Mwili wake ulionekana, kila mtu aliuona. Leo tumekuja tunaona mifupa. Tunakuuliza kwa heshima, huo mwili umeupeleka wapi?"

Mifupa! Kilo themanini na tisa!

Nilifungua mdomo. Shangazi akanigonga goti, maana mambo ya kikao mwenyewe hasemi mpaka aulizwe. Nikanyamaza, nikingoja Sitati aseme jambo lake jepesi, tucheke, yaishe.

Sitati akasema, "Mna haki ya kuuliza, wazee wangu. Mimi sina la kusema."

"Huna la kusema?" Nicodemus akapandisha sauti. "Dada yangu anaisha, na wewe huna la kusema? Ni chakula humpi?"

Sitati alisugua magoti yake.

"Ni mkono unamwekea?"

"Hapana. Hilo hapana."

"Tumesikia habari ya Mau Narok. Kataa basi. Mtazame dada yangu usoni, ukatae, ueleze kinachomla."

Nicodemus alipokuwa akisema hayo aliinuka kwenda chooni, mara ya pili, na mjomba akaendelea badala yake, na maneno aliyoyasema siyaandiki. Sitati alitazama sakafu. Jasho lilimtiririka shingoni. Mara moja tu aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha upesi, kama aliyeogopa kwamba macho yenyewe yatasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kile kiapo. Kile cha mdomo uliojaa chapati. Neno moja tu lingemtoa pale, 'sukari', na hakulisema. Alikuwa tayari kuitwa mwizi wa mwili wangu mbele ya wakwe zake, arudi na hilo jina Mau Narok na kanisani na kila mahali, kwa sababu mimi nilimwomba. Miaka kumi na minane nimesema kwamba hakuna kinachoingia mle ndani! Niliona haya, tena niliona mapenzi mengi kiasi kwamba nilisimama bila kuulizwa na kiti kikaanguka.

"Mwacheni mume wangu!" nikasema. "Hajanifanyia kitu. Nilipimwa sukari. Iko mlangoni. Nakimbia nisiingie alikoingia mama. Nilimwapisha asiseme, na hakusema, hata kwenu. Mwanamke wa Mau Narok hayuko. Kuna viazi tu!"

Jogoo ndiye aliyejibu kwanza. Kisha shangazi akashika kichwa. "Uwi, mtoto wa kaka yangu. Kwa hivyo wewe ni mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa," nikasema. "Mimi ni mkimbiaji."

Mjomba aliinuka, akatembea hadi kwenye kile kiti kifupi, akampa Sitati mkono, kisha akamwinua akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Shangazi akalia, akacheka, akalia tena. Sitati aliniuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaruhusiwa kula. Hapo tulicheka wote, isipokuwa mmoja.

Nicodemus alikuwa amerudi kutoka chooni amesimama mlangoni. Amesikia yote. Alichukua jagi la maji mezani, akajimiminia glasi nyingine. Nilikuwa nimeihesabu bila kutaka. Ilikuwa ya tano, juu ya ile soda. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alifumbafumba macho alipotafuta mahali pa kuweka jagi.

Nilimjua mtu wa kunywa maji namna hiyo. Nilimsindikiza hadi stendi nikamwambia, "Kaka, tarehe ishirini na tatu Aprili napimwa. Njoo tupimwe pamoja."

"Mimi niko sawa. Ni joto la Nakuru."

Joto la Nakuru! Watu huja hapa na sweta.

Jumapili, Machi 16

Jogoo amewika saa kumi na nusu alfajiri, chini ya dirisha langu hasa. Akawika tena. Akawika mara kumi na moja. Hakuna kitufe cha kumzima. Saa kumi na moja nilikuwa barabarani, nimekasirika, nikikimbia vizuri kuliko siku zote.

Huyu hachinjwi. Nimempa jina, Mheshimiwa, kwa sababu anapiga kelele sana na hafanyi kazi.

Jumatatu, Machi 24

Mvua! Imenyesha usiku kucha. Tope limekula raba moja ya Kimberly, nikairudia na mwiko. Nguzo ishirini na sita.

Jumatano, Aprili 2

Mama Abby alikuja kuomba msamaha kwa Sitati, na mkate. Sitati alisamehe mkate kwanza.

Mama Abby aliniuliza pia, akichezea kitambaa chake, kama mtu aliye na pressure anaweza kuzianza hizo mbio. Nikamwambia aje kesho saa kumi na moja, avae chochote, na kwamba kuketi ndio hakuna.

Alhamisi, Aprili 3

Alikuja. Nguzo mbili. Aliikumbatia ileile niliyokumbatia mimi.

Ijumaa, Aprili 11

Nimempigia Nicodemus mara ya nne. Mara zote ana shughuli, mahindi, mvua, barabara. Leo nilimwambia, "Unaogopa nini?" Nilimsikia akinywa maji. Kisha akasema, "Nakumbuka walivyokuwa wanamwita." Nikamwambia mimi sitamwita hivyo, na atakayemwita hivyo nitamfuata Kimilili kwa miguu, na sasa naweza.

Anakuja Pasaka.

Jumamosi, Aprili 19

Siku moja kabla ya Pasaka. Kilo themanini na sita kamili juu ya mizani ya magunia. Gachanja alitangaza, safari hii kwa heshima: "Gunia imepungua debe nzima!"

Lakini hiyo ni habari ndogo. Asubuhi Jebet alikuja bila mtungi wa maziwa. Sikuwahi kumwona bila mtungi. "Leo hakuna kutembea moja," akasema. "Leo ni kukimbia tu. Polepole. Ukiona kama ni polepole sana, punguza."

Tulitoka. Mvua ya rasharasha. Nguzo ya kumi, naimba. Ya ishirini, naacha kuimba. Ya ishirini na sita kuna kona na tope, Jebet akanionyesha pa kukanyaga. Ya thelathini na tatu mapafu yalikataa, nikamwambia Jebet siwezi, akasema, "Sikukuuliza." Ya thelathini na nane nilisikia honi. Paa! Paa! Paaa! Kule juu kwa tangi lilikuwa limesimama lori la viazi, taa zote zimewashwa, na Sitati amening'inia mlangoni akipiga honi kama harusi, na pembeni yake Nicodemus, aliyeshuka kutoka Kimilili jana jioni, akipunga koti.

Niliigusa nguzo ya arobaini na moja. Kisha nikaligusa tangi lenyewe, watu wasije wakasema. Chini, Ziwa Nakuru lilikuwa jeupe na mji wote umelowa, na mimi nilikuwa nalia na kucheka na kutema mate, vyote kwa mpigo. Jebet alinishika mkono akauinua juu. Hakukuwa na mshindani, lakini nilishinda.

Sitati alikuwa ameniletea kiazi. Kimoja, cha kuchemsha, bila chumvi. "Hiki kweli hakina neno," akasema.

Jumatano, Aprili 23

Daktari yuleyule. Alinidunga mimi kwanza. Mashine ilifikiri muda mrefu kuliko ninavyofikiria mimi mambo ya maisha.

Tano nukta tatu.

"Mama," daktari akasema, "umetoka mlangoni. Umefunga na mlango." Nilimkumbatia. Nilimwahidi chapati, kisha nikakumbuka, nikamwahidi maharagwe.

Kisha Nicodemus. Mkono mmoja alimpa daktari, ule mwingine akaukunja ngumi juu ya goti. Kumi na nne nukta mbili.

Furaha yangu ilisimama hapohapo. Daktari alieleza taratibu, vidonge, chakula, macho yapimwe, miguu itazamwe kila siku. Akasema amekuja kwa wakati, kwamba angekaa mwaka mmoja zaidi ingekuwa hadithi nyingine. Kaka yangu mkubwa, baba na mama yangu, aliitikia ndio, ndio, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Tulipotoka nje akaketi kwenye ukuta mfupi wa kliniki.

"Namalwa," akasema, "nimeingia."

"Umeingia," nikasema. "Na mlango uko wazi nyuma yako. Inuka. Kuketi ndio hakuna."

Ijumaa, Aprili 25

Nimemsindikiza Nicodemus stendi. Ana vidonge, ana raba mpya alizonunua mwenyewe akinung'unika, na ana kikapu chenye kifuniko. Ndani ya kikapu yuko Mheshimiwa.

"Huyu tulikuletea wewe ule," akasema.

"Na mimi nakurudishia wewe uamke."

Mheshimiwa aliwika ndani ya kikapu saa nne mchana, abiria wote wakageuka. Nilimwonea huruma kila mtu aliyekuwa kwenye gari lile hadi Kimilili.

Jumatatu, Aprili 28

Nimelala hadi saa moja. Bila jogoo mimi si kitu.

Jumanne, Aprili 29

Saa kumi na nusu alfajiri nimeamshwa na sauti mbaya ajabu sikioni. "Kokorikooo!" Ilikuwa Sitati, macho yamefumbwa, bado amelala nusu. Akawika mara tatu, akageuka akakoroma.

Nilikimbia nikicheka mpaka nguzo ya tano. Mama Abby aliniuliza kuna nini nikashindwa kumwambia.

Jumamosi, Mei 3

Mvua ndogo. Kilo themanini na tano na nusu. Nimejiandikisha kwa zile kilomita kumi za Desemba, na kanisa limeulizana nani atagawa maji sasa. Sitati amejitolea. Amesema atagawa akiwa ameketi, hiyo ndiyo kazi aliyorithi.

Asubuhi nilikuwa nafunga kamba za raba simu ikalia. Namba niliijua, lakini nilisikia kwanza upepo, na mtu akihema, na mbali nyuma yake jogoo ninayemfahamu sana akipiga kelele zake.

"Hallo? Nani?" nikauliza, makusudi.

Akahema kidogo. Akahema tena.

"Ni mkimbiaji," akasema. "Niko nguzo ya pili, Namalwa. Nimeishika. Moyo unataka kutoka."

Nilisimama langoni na simu sikioni, machozi yananitoka, nacheka peke yangu kwenye mvua.

"Basi iachilie, kaka," nikamwambia. "Sasa tembea moja."